Nani Amekaa Hapa?

Wageni wa msiba walipoanza kupungua, wifi yangu Atuganile alinifuata uani nilikokuwa nasugua masufuria, akaniwekea miguuni kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kile kile cha maua ya njano nilichokiacha juu yake miaka ile. "Chukua mashine yako," alisema. "Baba alisema ukija upewe." Nilimshukuru, nikaendelea kusugua, lakini moyoni maswali yalishaanza. Alisema lini? Alimwambia nani? Kwa nini nipewe mimi na si Atu mwenyewe, aliyebaki nyumbani akimlea mpaka tukamzika juzi kule Kinyala? Mashine yenyewe haiwaki tena, kwa hiyo si zawadi ya kutumia. Ndivyo nilivyo. Ukinipa chungwa natazama kwanza kama limetobolewa. Wenzangu wa ofisini Dodoma wananitania kwamba ndiyo maana nalipwa kutafuta makosa kwenye programu za watu wengine, na huenda wanasema kweli, kwa sababu tabia hiyo niliinoa katika mwaka mmoja niliokaa kwenye nyumba ile ya Ibighi, nikiandika kaprogramu kadogo, nako nusura kanitoe kwenye ndoa yangu.

Habari za nilikozaliwa na za harusi naziacha. Inatosha kusema kwamba kampuni ndogo ya tovuti niliyofanyia kazi Mbeya mjini ilifungwa, mume wangu Ambokile akapelekwa Mtwara kwenye mradi wa barabara, na mimi nikahamia kwa wazazi wake Ibighi, pale Tukuyu, kwa muda. Nilifika na sanduku la nguo, kompyuta hiyo na modemu ya intaneti ya kuchomeka. Sebuleni palikuwa na makochi yenye vitambaa, kalenda ya kanisa, na meza karibu na dirisha. Kompyuta iliwekwa pale kwa sababu ndipo palipokuwa na soketi isiyotoa cheche, na kwa sababu mama mkwe alitaka wageni waione. Atu, ambaye alikuwa na duka la vitenge pale mjini, aliitumia kutafuta mishono. Mama mkwe alitazama picha za wajukuu walioko Dar. Hakuna aliyeniomba ruhusa, na mimi mgeni sikuwa na mdomo wa kudai. Mashine yangu ikawa ya nyumba nzima.

Tatizo ni kwamba sebule ilikuwa ya baba mkwe. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe hukwepana. Siku hizi wengi wameacha, na hata kanisani walishasema ni mambo ya kale, lakini mzee yule hakuacha, na aliyeolewa katika nyumba yake alifuata. Sikutakiwa kuwa chumba kimoja naye, wala kumtazama usoni, wala kumsalimia. Jina lake sikulitamka, na hata hapa silitaji. Tukikutana njiani, mimi ndiye niliyeingia kwenye migomba na kugeuza uso mpaka apite. Yeye kwa upande wake alikuwa na wajibu wa kukohoa. Akitoka shamba lake la chai Kinyala, akifika getini alikohoa mara moja, kikohozi kikavu cha mtu asiyeumwa, nami nilipata nafasi ya kuacha nilichokuwa nikifanya na kutokea mlango wa jikoni. Nilikula jikoni na mama mkwe na Atu, ndizi zilizopikwa na maharage mpaka zikalainika, ambazo wao huziita mbalaga, na parachichi, na maziwa ya mgando. Yeye alipelekewa chakula sebuleni. Nilimfahamu kwa mabuti yake ya mvua yaliyoachwa barazani na kwa sauti yake nyuma ya pazia. Kwa miaka mingi alikuwa mzee wa baraza kwenye mahakama ya mwanzo, na kazi hiyo ilimwachia mazoea ya kutoamini maelezo ya kwanza ya mtu yeyote. Atu alisema baba yake akiambiwa mvua inanyesha, hutoa mkono dirishani.

Na mvua ilinyesha kweli, maana Tukuyu haijui kufanya jambo lingine. Ikinyesha kwa nguvu umeme hukatika, mtandao hufuata, na ulichokuwa unaandika kinakwenda na maji. Nilikuwa najaza fomu za kuomba kazi mtandaoni, ndefu zisizo na mwisho, na kila nikikaribia kumaliza, giza. Siku moja nililia kwa hasira, kisha nikaamua kutengeneza dawa yake. JavaScript ndiyo lugha inayoufanya ukurasa wa tovuti uitikie unapoubonyeza. Wako watu walioandika maktaba yake, yaani fungu kubwa la kazi zilizo tayari ili wengine wasianze upya kila mara, na maktaba hiyo huacha mlango wazi ili mtu wa nje aongezee kipande chake. Wataalamu wa Kiswahili wanakiita kipande hicho programu-jalizi. Sisi mafundi tunasema plagini. Yangu ilikuwa na kazi moja: kutunza unachoandika ndani ya kompyuta ile ile, herufi kwa herufi, ili umeme ukirudi ukute maneno yako yanakusubiri. Kama ningeweza kuiingiza kwenye orodha ya plagini zilizokubaliwa na wenye maktaba, ningekuwa na kitu cha kumwonyesha mwajiri. Lakini haikubaliwi mpaka mtu mzoefu aikague.

Aliyejitokeza kuikagua alijiita Tundra. Hakuwa na picha, hakuwa na nchi, hakusema umri. Nilipandisha msimbo wangu, yaani maandishi yenyewe ya programu, kwenye jukwaa la mafundi, na kesho yake nikakuta chini ya karibu kila mstari ameandika neno, kwa Kiingereza cha kukata. Jina hili halisemi linafanya nini. Hapa umejirudia. Kazi hii inarudisha nini kisanduku kikiwa kitupu? Hakunisifu hata kidogo. Nilirekebisha, akarudi na mengine. Badala ya kufurahi niliingiwa na wasiwasi. Mtu asiyenijua anatumia muda wake kunifundisha bure, kwa faida gani? Mbeya nilishaona kazi ya mwenzangu ikiuzwa kwa jina la bosi. Kwa hiyo nilimficha faili moja, lile lenye ujanja wa kutambua kwamba umeme ulikatika katikati ya sentensi, ambalo niliona ndilo lulu ya kazi nzima. Alipouliza, "Nani atatumia kitu hiki?" nikaona hilo ndilo swali la mwizi anayechunguza soko. Nikajibu kwa kifupi: watu wenye umeme mbovu.

Kumbe wakati mimi namtilia shaka Tundra, jikoni mimi ndiye niliyekuwa nashukiwa. Kinyakyusa changu kilikuwa cha salamu na asante tu, "ugonile" na "ndaga", lakini neno kompyuta halina Kinyakyusa, na nililisikia likipita kati ya mama mkwe na Atu wakimenya ndizi, likifuatiwa na ukimya nikiingia. Mara moja Atu alisema kwa Kiswahili, makusudi nisikie, "Wifi siku hizi anacheka na ukuta." Nilikuwa nimecheka kweli. Tundra alikuwa ameandika kwamba kazi yangu mojawapo ni ndefu kuliko majira ya baridi ya kwao, na nikajua walau kwamba kwao kuna baridi. Nilimweleza Atu. Alinitazama namna ya mtu anayepokea noti kubwa dukani, akageuka kuendelea na ndizi zake.

Siku iliyoleta kesi ilikuwa ya kawaida tu. Asubuhi nilikuwa nimekaa mbele ya mashine namwandikia Tundra. Sikuandika moja kwa moja kwenye jukwaa. Niliandika kwenye ukurasa wangu wa majaribio wenye plagini, ili nione kama inatunza. Nilikuwa katikati ya ujumbe umeme ukakatika, na hapo hapo getini nikasikia kikohozi. Nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikaenda kufua. Umeme ulirudi jioni, na aliyewahi kuiwasha kompyuta ni Atu, akitafuta mshono wa mteja. Kivinjari cha mtandao kikafungua kurasa zilizokuwepo, na plagini yangu, ambayo kwa wiki nzima ilikuwa ikinisumbua, ikafanya kazi yake vizuri kabisa. Ikamwekea Atu maneno yangu yote kwenye kisanduku cha kuandikia bila kudondosha nukta. Atu alimaliza kidato cha nne, na Kiingereza chake kilitosha.

Nimeyakumbuka maneno yale maisha yangu yote, kwa sababu niliyasikia yakisomwa mbele ya wakwe. Yalisema hivi: "Asante kwa kunivumilia. Hapa nyumbani hakuna anayenielewa. Kuna sehemu bado sijakuonyesha, nipe muda niwe na uhakika na wewe kwanza. Mume wangu anarudi mwezi wa sita na ataichukua modemu, kwa hiyo ni afadhali tumalize kabla hajafika." Hakuna neno la uongo ndani yake. Na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeyasoma mara moja akafikiria plagini.

Kwa siku kadhaa sikuambiwa kitu. Chai yangu iliwekwa mezani bila mimi kuitwa. Mama mkwe, ambaye alizoea kuniuliza kama nimeota, akaacha kuuliza. Kisha Jumapili, baada ya ibada, akafika baba mdogo kutoka Matwebe, ndugu wa baba mkwe, na sikuwa mjinga. Mtu yule hakuwa akija kwa ajili ya chai. Makochi yalisogezwa. Baba mdogo, mama mkwe na Atu wakakaa chumba cha kulia, mimi nikawekewa kigoda kwenye kizingiti cha jikoni, na baba mkwe akabaki sebuleni nyuma ya pazia, ametugeuzia mgongo. Niliuona ukingo wa koti lake tu. Baba mdogo akampigia Ambokile simu, akaweka sauti ya nje, akamweleza. Mtandao ulikuwa unakatika, lakini nilimsikia mume wangu akisema, "Wasikilize tu wazee, mke wangu. Nikirudi tutaongea." Nilijua sauti ile. Ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamini nusu.

"Mimi siyo wa kuzunguka," alisema baba mdogo simu ilipokata. "Kama ni kweli, arudishwe kwao kabla mwenyewe hajafika. Tusije tukamwaga damu humu ndani kwa aibu ya mtandao." Akanigeukia. "Huyu mwanaume ni nani?"

"Sijui kama ni mwanaume, baba mdogo," nilisema.

"Unasemaje?"

"Anajiita Tundra. Hajasema kama ni mwanaume au mwanamke. Ananisahihisha kazi."

"Unamwandikia mtu kila siku, unamwambia mumeo akirudi mtakuwa hamna nafasi, na hujui ni mwanaume au mwanamke?" Baba mdogo alipiga goti lake kwa kiganja. Mama mkwe akajishika shavu. Nilihisi jibu langu la kweli likinizamisha kuliko uongo wowote ambao ningeweza kuutunga. Niliogopa, nasema wazi. Nilimpenda Ambokile, na nilikuwa naona nguo zangu zikirudi kwenye sanduku.

Nyuma ya pazia ikasikika sauti. Haikuelekezwa kwangu, ilielekezwa ukutani. "Mwulizeni Atu kama mtu huyo naye ameandika." Atu akasema ndiyo, ameandika mengi, yapo kwenye mashine. "Basi yasomwe yote. Mmeleta maneno ya upande mmoja, mnataka nitoe hukumu." Yeye tu ndiye aliyeweza kusema hivyo kwa mdogo wake. Nikatoa modemu kwenye mfuko wa gauni, Atu akaenda sebuleni, akavuta kiti mbele ya mashine, akaanza kusoma tangu mwanzo, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili kadiri alivyoweza, na mama mkwe akimfafanulia baba mdogo kwa Kinyakyusa pale palipokwama.

"Anasema: mstari wa kumi na mbili, jina ulilolipa hili ni baya."

"Jina la nani?" aliuliza baba mdogo.

"Sijui. Anasema tena: hapa umejirudia, fupisha. Anasema: nilikwambia jana, na leo umefanya vile vile. Anasema: kazi hii inarudisha nini kisanduku kikiwa kitupu?"

"Kisanduku gani?"

"Hajasema. Anasema: usiandike maelezo marefu, msomaji hana siku nzima. Anasema: hii ni afadhali, lakini bado."

Mvua ikaanza kugonga bati, ikabidi Atu apandishe sauti, na ukosoaji wa Tundra ukawa unapigiwa kelele nyumba nzima kama tangazo la mnada. Ulikuwa mwingi. Nilikuwa sijawahi kuusikia wote kwa mfululizo, na nikiwa pale kizingitini, katikati ya hofu yangu, niliona aibu ya fundi. Tundra alikuwa sahihi karibu kila mahali. Hatimaye mama mkwe akachoka. Kiswahili chake kiligeuza kila "r" kuwa "l", na alipokasirika hakukuwa na kificho. "Hizi ndizo balua za mapenzi?" alisema. "Mtu anagombezwa namna hii tangu mwezi wa pili, halafu mnasema amepata hawala? Huyu ni mwalimu mkolofi tu."

Atu alicheka, akajizuia. Baba mdogo hakucheka. "Na sehemu ambayo hajamwonyesha?"

Nikaeleza kuhusu faili. Nilieleza vibaya, na baba mdogo akawa anatikisa kichwa. Pazia likasogea kidogo, kisha sauti ile ikaanza tena, polepole, kwa namna ambayo nadhani ndiyo aliyoitumia mahakamani.

"Mwulizeni mkamwana, maneno haya aliyaandika lini?"

"Asubuhi, kabla umeme haujakatika," nilimjibu mama mkwe, naye akapeleka jibu ingawa lilishafika.

"Mwulizeni Atu, aliyaona lini?"

"Jioni, baba. Niliwasha tu, yakatokea."

"Hukuyatafuta?"

"Sikuyatafuta. Yalitokea yenyewe."

"Na nani alikuwa amekaa kwenye kiti yalipotokea?"

"Mimi."

"Basi mashine imechukua maneno ya mtu mmoja ikampa mwingine bila kumwuliza ni nani. Kama ndivyo ilivyo, kesho itampa mchungaji maneno ya mama yenu." Hapo hata baba mdogo akaguna. "Ushahidi wa namna hiyo mimi siupokei. Siyo kwamba nasema mkamwana hana neno. Nasema hilo mliloleta halijafika. Mwambieni mashine yake haijui nani amekaa kwenye kiti. Aitengeneze. Na hilo faili amwonyeshe huyo mtu wake. Unamwita fundi wa bati, halafu unamfungia chumba kinachovuja?" Nilidhani amemaliza. Nilishaanza kupumua. "Na modemu ilale kwangu," alisema.

Hivyo ndivyo nilivyobaki kwenye ndoa, kwa hukumu ya mtu ambaye hakuniamini. Modemu ililala chumbani kwake miezi yote iliyobaki. Atu aliileta asubuhi na kuirudisha magharibi. Niliumia, lakini hata mimi nisingemwamini mtu kama mimi. Katika ile nyumba yeye peke yake alishuku pande zote mbili, na nimekuja kuona kwamba ni heshima ambayo watu wachache hupewa. Ambokile alipopigiwa tena alicheka sana, kicheko cha mtu anayetua mzigo, na mimi nikaacha acheke.

Kosa alilolisema mzee nililiona mara moja nilipofungua msimbo, na nilishangaa kwamba Tundra, aliyeona kila nukta yangu, hakuliona. Kisha nikaelewa. Kwa Tundra kila mtu alikuwa na kompyuta yake. Niliandika upya kipande cha kufungulia. Kabla ya kurudisha maneno yoyote, plagini ilijaza kioo kwa swali moja, "Nani amekaa hapa?", na chini yake majina ya waliowahi kukaa, pamoja na nafasi ya jina jipya. Haikuwa na kufuli. Iliuliza tu, na mtu angeweza kudanganya, lakini angalau angedanganya kwa kujua. Nikamtumia Tundra, pamoja na lile faili la siri. Jibu la faili lilikuja haraka, na lilinivua nguo: lulu yangu ilikuwa na tobo, kwa sababu ilitunza hata nywila za watu, maneno yao ya siri, wazi wazi, kwa yeyote atakayechungulia. Kama ningelificha mpaka mwisho, ningelitoa hivyo hivyo duniani. Kuhusu swali aliandika: "Watumiaji hawapendi kuulizwa. Liondoe."

Nilirekebisha faili. Swali nilibaki nalo siku nzima, mkono uko tayari kulifuta, kwa sababu bila Tundra nisingeingia kwenye ile orodha. Asubuhi iliyofuata nikakaa kwenye mashine, swali likatokea, na chini yake yalikuwepo majina tuliyoyaweka: la kwangu, Atu, Mama. Na la nne, kwa herufi kubwa: BABA. Nilitazama mlangoni. Hapakuwa na kikohozi. Nilijua kwamba si jina langu na kwamba kulibonyeza ni kuidanganya mashine niliyoitengeneza mwenyewe ili isidanganywe. Nikalibonyeza. Kwenye kisanduku palikuwa na maneno haya: MWAMBIENI MKAMWANA HERUFI NI NDOGO. SWALI ZURI.

Nilisoma mara nyingi. Hata pale, peke yake na kioo, hakuwa amesema nami. Alikuwa amesema na watu wasiokuwepo, wanipelekee. Na alijua nitachungulia. Mwenye shaka humjua mwenzake. Nilikuza herufi. Sikuandika jibu, kwa kuwa sikuwa na ruhusa ya kumjibu, lakini nilimwandikia Tundra maelezo marefu ambayo yeye asingeyapenda. Nilimweleza nyumba yenye mashine moja, watu wanne na mvua, na kwamba swali linabaki, akikataa basi. Tundra akanyamaza. Zilipita siku nyingi, na kila asubuhi nilipekua mtandaoni kama plagini yangu imetokea kwa jina la mtu mwingine. Kisha likaja jibu, fupi: "Sikuwahi kufikiria nyumba ya namna hiyo. Acha swali." Siku iyo hiyo ikaingia kwenye orodha. Hatukuandikiana tena. Mpaka leo sijui kama Tundra alikuwa mwanaume au mwanamke, na ninakiri kwamba bado nashangaa alinisaidia kwa faida gani.

BABA aliendelea kunitumia watu wasiokuwepo. MWAMBIENI UMEME UMEKATIKA, MANENO YAPO. MWAMBIENI KITUFE CHA CHINI HAKIONEKANI MCHANA, JUA LINAPIGA. Nilirekebisha kila alichosema, naye akipita getini alikohoa kama kawaida, nami nikatoka kwa mlango wa jikoni kama kawaida. Sikumsikia Atu wala mama mkwe wakilizungumzia. Ambokile aliporudi alichukua modemu, na baadaye mimi nikapata kazi, tukahamia Dodoma, mashine ikabaki chini ya kitambaa chake.

Mwezi uliopita tuliitwa. Mzee alikuwa amelazwa hospitali hapo Tukuyu, sukari imemla miguu na macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Nilisimama koridoni, nimegeukia dirisha, Atu akienda kumletea uji na Ambokile akitafuta dawa. Akatoka nesi, binti mgeni wa mkoa huu, Kiswahili chake cha Tanga, akanitazama kwa hasira za mtu mwenye wagonjwa wengi. "Wewe si ndugu yake? Unasimama nje kufanya nini? Ingia ukae, umwangalie asikunje mkono wenye dripu." Ningemweleza nini? Niliingia. Kando ya kitanda palikuwa na kiti cha plastiki. Nilikaa ukingoni mwake, taratibu, nikaangalia mkono tu, mkono ambao sikuwahi kuuona karibu namna ile, wenye kovu la kisu cha kupogolea chai. Uso sikuutazama. Nilijiambia haoni, na asiponisikia sitakuwa nimevunja kitu.

"Nani amekaa hapa?" aliuliza.

Mtu wa kawaida akisikia kiti kimelia angesema nani huyo, au nani wewe. Yale yalikuwa maneno ya mashine yangu, neno kwa neno. Ningeweza kunyamaza mpaka Atu arudi. Ningeweza kusema mimi ni nesi.

"Ni mimi, baba," nilisema. "Rehema."

Nilisikia pumzi yake tu, na mvua nje, na nikaona nimeharibu. Nikaanza kuinuka.

"Kaa," alisema. Hakulisema neno hilo ukutani. "Nilikusikia tangu mlangoni. Sikukohoa."